Nahudumia wote, lakini mimi sitaki kuhudumiwa

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 58. Kwa muda mrefu mimi ndiye ninayefua na kupiga pasi vitambaa vya Meza ya Bwana, kuosha vikombe vya ushirika na kupanga maua. Sijawahi kuomba malipo wala cheo. Mwaka huu wazee wa kanisa wameniletea binti wa kunisaidia. Anakunja vitambaa ovyo, akishaondoka inabidi nirudie mwenyewe. Juzi kwenye matangazo akashukuriwa yeye, jina langu halikutajwa. Niliumia hadi nikashindwa kushiriki Meza. Mimi sijazoea kusumbua watu. Hata nilipofanyiwa upasuaji wa goti na akina mama wakaja kunifulia, niliwashukuru nikawarudisha. Je, kutaka kushukuriwa ni kiburi? Nifanyeje moyo wangu urudi kwenye unyenyekevu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako, ambayo hapa tumeifupisha sana, imejaa habari za matangazo, na goti limepata mstari mmoja tu. Mimi nitaanza na goti.

Nimefanya kazi ya uuguzi hadi nikastaafu, na nimeogesha watu wengi kitandani. Unapima maji kwa kiwiko. Unafunua mkono mmoja, unauosha, unaukausha, unaufunika, ndipo unafunua wa pili, ili mtu asibaki uchi wala asipigwe na baridi. Ukifika miguuni unakausha kila kidole na kidole, maana unyevu ukibaki pale ngozi inachubuka. Wagonjwa waliokuwa wagumu kuogeshwa sikuwaona sana miongoni mwa wenye majivuno. Walikuwa walimu, wakunga, wake za wachungaji, watu wa aina yako. "Usijisumbue, sista, nitaoga mwenyewe," na huku kukaa tu hawezi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hawakuwa wananionea huruma. Walikuwa wanaogopa kuwa upande ule mwingine wa beseni.

Petro naye aliogopa. Usiku ule wa Yohana 13, Yesu alijifunga kitambaa kiunoni akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu. Luka anasema jioni hiyohiyo walikuwa wamebishana ni nani aliye mkubwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa tayari kuinama. Petro akasema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Ukiisikia haraka, hiyo ni sauti ya mtu mnyenyekevu kuliko wote mezani. Lakini Yesu hakumsifu. Alimjibu, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Wale akina mama waliokuja na sabuni zao walikuwa wamekuja kwa shirika hilohilo, na wewe ukawafungia mlango kwa adabu nzuri kabisa.

Nasema hivi kwa sababu naona goti na binti ni ugonjwa mmoja. Huduma imekuwa mahali pako pa kusimama, na yeyote anayekuja na beseni, awe anakufulia nguo au anakunja kitambaa vibaya, unamwona kama anakusogeza. Benedikto wa Nursia, aliyeandika kanuni ya watawa wake katika karne ya 6, alilijua hilo. Katika sura ya 35 aliagiza ndugu wahudumiane jikoni kwa zamu ya wiki. Jumamosi anayemaliza zamu anafanya usafi na kufua vitambaa ambavyo wenzake wamejifutia mikono na miguu, kisha yeye pamoja na anayeingia wanawaosha wote miguu. Vyombo anavirudisha kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima, na mwenzake anakabidhiwa. Utaratibu huo unamwacha kila mtu akihudumia wiki moja na akihudumiwa inayofuata, na hakuna anayeweza kusema jiko ni lake. Kwa hiyo mpe binti wiki yake nzima. Mwelekeze mara moja, kisha usirudie kukunja nyuma yake. Kitambaa kikiwa na mkunjo, Bwana hatakosa kuja mezani.

Sasa shukrani. Hapana, kutamani kushukuriwa si dhambi, na wazee wako wamekosea. Najua utatajiwa Luka 17:10, "Sisi tu watumwa wasio na faida." Huwa nakasirika kidogo andiko hilo likitumika hivyo. Pale Yesu anamfundisha mtumishi maneno ya kusema juu yake mwenyewe. Hakuwapa wengine ruhusa ya kumwambia hivyo. Paulo alipofunga barua kwa Warumi, sura ya 16, alitaja watu kwa majina: Fibi mhudumu wa Kenkrea, Mariamu aliyejitaabisha sana, na wengine wengi. Mwambie mzee mmoja unayemwamini kwamba uliumia. Mwambie mara moja, bila kuzunguka, kisha urudi Mezani. Na wale akina mama, wapigie simu wiki hii. Goti likiwa limepona, nguo za kufua hazikosekani.

SWALI: Mama, kiongozi wa kundi letu la vijana hunituma nilioshe gari lake kila Jumapili na kunifokea mbele ya wenzangu. Nikilalamika anasema ananifundisha unyenyekevu. Nivumilie hadi lini?

JIBU: Usivumilie tena, mwanangu. Yohana anaeleza kwamba Yesu aliinuka mezani akijua kuwa Baba amempa vyote mikononi. Hakuna aliyemtuma, na kitambaa alijifunga mwenyewe. Hakumfunga mtu mwingine akakaa kumtazama. Tena alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakulipiza, lakini hakunyamaza: "Kama nimesema vema, wanipigia nini?" Kwa hiyo kuuliza unaruhusiwa. Mfuate kiongozi wako mkiwa na mtu mzima mwingine wa kanisa, umwambie kufoka kukome na gari aoshe mwenyewe. Asiposikia, mpeleke kwa mchungaji. Kama ulikuwa unapenda kupanga viti na kufagia ukumbi kabla hajaanza kukutuma, endelea na hayo.