Alamu ya gari ikilia ovyo usiku, anza na swichi ya boneti

Saa tisa usiku, mvua ya masika imebaki manyunyu, gari langu, Toyota IST, likaanza kulia alamu. Nikabonyeza rimoti nikiwa kitandani, ikanyamaza. Haikupita dakika kumi, ikaanza upya. Mara ya tatu nikasikia dirisha linagongwa, mama mwenye nyumba huyo: "Baba Neema, hilo gari lako lina mashetani?"

Nikatoka na spana namba kumi nikachomoa betri, nikijua nimeyamaliza. Kumbe king'ora changu kilikuwa na betri yake ndogo ndani, na kazi yake ni kupiga kelele mwizi akikata umeme wa gari. Usiku ule mwizi nilikuwa mimi. King'ora cha aina hiyo kina tundu la ufunguo mdogo ubavuni, hapo ndipo kinapozimwa. Wangu sikujua ulipo. Nikakifunika kwa taulo na blanketi la mtoto mpaka kilipochoka chenyewe.

Kesho yake fundi alisikiliza dakika mbili akasema "ubongo umekufa". Nikafungiwa alamu mpya. Baada ya wiki mbili mvua ikanyesha, na alamu mpya ikalia saa ileile. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta mwenyewe.

Siku hizi mtu akiniambia alamu yake inasumbua, namuuliza kwanza: inalia wakati gani? Ikilia bodaboda ya ekzosi iliyotobolewa inapopita, hiyo ni sensa ya mtikisiko. Ni kiboksi kidogo chini ya dashibodi, kina skrubu ya kupunguza au kuongeza ukali. Izungushe kidogo sana, kisha funga gari, subiri kama dakika moja, ugonge bodi kwa ngumi. Hakikisha pia kimefungwa imara, maana kikining'inia kwenye nyaya kitalia hata kwa upepo.

Ikilia alfajiri, na asubuhi stata inavuta kwa uvivu, shuku betri. Ipime kwa mita gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 imekwisha. Alamu nyingi volti zikishuka hudhani kuna mtu anachezea umeme.

Ikilia baada ya mvua au baada ya kuosha gari, kama yangu, fungua boneti.

Swichi ya boneti ni kijiti chenye springi kilichovikwa mpira mweusi. Mpira wa yangu ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku, na ndani kumejaa kutu yenye unyevu. Inavyofanya kazi ni hivi: boneti ikifunguliwa kijiti kinapanda, waya unapata njia ya kufika kwenye bodi, alamu inajua pamefunguliwa. Sasa maji na kutu vilikuwa vinaitengeneza njia hiyohiyo boneti ikiwa imefungwa. Na vijana wa kuosha magari wanavyopenda kupiga maji ya presha kwenye injini, nashangaa hizi swichi zinadumu hata mwaka.

Nilichomoa waya wa swichi, nikauzungushia tepu usiguse bati popote, nikawasha alamu nikaenda kulala. Kimya. Usiku wa pili mvua ilinyesha haswa, kimya. Boneti inakuwa haina ulinzi kwa siku hizo, lakini jibu unalipata bila kumlipa mtu. Swichi mpya niliinunua kwa bei isiyofika sahani ya chipsi kuku.

Kama swichi yako ni kavu na safi, paka grisi kidogo kwenye ncha ya kijiti, funga boneti, kisha ifungue. Usipoona alama ya grisi upande wa ndani wa boneti, basi haikibonyezi. Hutokea sana kwa magari yaliyogongwa mbele yakanyooshwa. Milango nayo ina swichi zake, na hizo ni rahisi: taa ya ndani ikigoma kuzimika milango yote ikiwa imefungwa, umeshajua pa kuanzia.

Rimoti isiyoshika mpaka uisogeze karibu na kioo, badilisha betri yake kwanza.

Kitu kimoja usikifanye: kukata nyaya za alamu kwa hasira. Nyingi zimeunganishwa na stata au pampu ya mafuta ili gari lisiwake, kwa hiyo utapata kimya, halafu utaita gari la kuvuta.

Ile alamu ya zamani, ambayo sasa najua ilikuwa nzima, fundi aliondoka nayo.