Gari ya Zambia, namba ya Zambia, bima ya nani?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi niko hapa Mwanjelwa nauza nguo. Shemeji yangu anaishi Kitwe, ana Premio ya 2004 anataka kuniachia kwa bei ya kindugu kabisa, yani nusu ya bei za madalali wa hapa mjini. Gari ina namba ya Zambia, bima yake ya kule haijaisha na ana ile Yellow Card ya COMESA, kadi ya bima ya kuvukia mpaka. Washkaji wananiambia nivuke nayo tu Tunduma nitembelee hivyo hivyo mpaka bima iishe, mambo ya TRA nianze mdogo mdogo. Inawezekana? Na nikija kukata bima kubwa naandika thamani gani, ile hela niliyompa shemeji? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Mdogo wangu, hiyo ya mdogo mdogo iache. Gari ya nje ikivuka pale Tunduma inapewa kibali cha muda, mwisho siku 90, na kile kibali ni cha mgeni anayekuja na gari yake na kuondoka nayo. Wewe siyo mgeni, unalala Mwanjelwa na gari umeshainunua, kwa hiyo kwa macho ya forodha huo ni mzigo ulioingia nchini na ushuru unadaiwa kuanzia pale pale mpakani. Ukikutwa nayo mtaani haujalipa wanayo haki ya kuishika. Na hapa kwetu gari ya namba ya nje haijifichi, siyo Dar mtu apotelee kwenye foleni, barabara ni hiyo hiyo moja ya Tunduma, Mbalizi, Uyole, na trafiki mtakuwa mnasalimiana kila siku.

Sasa bima. Hapa ndo washkaji zako wamekudanganya zaidi. Bima ya shemeji ni mkataba wake yeye na kampuni yake ya Zambia, wewe haumo. Mkishaandikishana kwamba gari kakuuzia, yeye hana chake tena kwenye ile gari na wewe huna chako kwenye ule mkataba, stika ipo kwenye kioo lakini nyuma yake hakuna mtu. Yellow Card nayo ni mkono tu wa bima hiyo hiyo ya nyumbani. Tanzania tulitoka COMESA (ile jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) mwaka 2000 ila kwenye mpango wa Yellow Card tumebaki, ndo maana Mzambia akija nayo hapa inakubalika. Lakini kazi yake ni kumlipa yule utakayemgonga na matibabu ya waliomo kwenye gari, siyo kutengeneza gari yako. Chukulia umemvunja mguu kijana wa bodaboda pale Kabwe ya hapa Mbeya, madai yanaenda, kule Zambia wanaangalia wanakuta gari ilishauzwa kwa mtu wa Mbeya, na hapo ndo utajua hospitali unalipa mwenyewe. Bampa lako na taa zako usizitaje kabisa, hazikuwemo tangu mwanzo.

Hiyo bei ya kindugu nayo tuipigie hesabu, maana TRA hawataiangalia. Kwa gari zilizotumika wana mfumo wao wa kuthamini, upo kwenye tovuti yao, unaingiza aina, mwaka, cc na inakotoka unaona makadirio bure, fanya hivyo kabla hujatuma hata mia. Tuseme, mfano tu, wameipa thamani ya milioni 6. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni 1,500,000, tumefika 7,500,000. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa sababu injini iko kati ya cc 1,000 na 2,000, yani 375,000. Halafu inakuja ile inayouma, uchakavu, gari ndogo iliyozidi miaka 10 inapigwa asilimia 30 ya ile ile 7,500,000, kwa hiyo 2,250,000. VAT ya 18 inakuja mwisho juu ya vyote hivyo, 1,822,500. Jumla 5,947,500, yani umenunua gari mara mbili, na hapo sijaweka tozo ndogo ndogo, hela ya usajili na ya wakala wa forodha. Na kabla hujaniuliza, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, haikuokoi, unafuu wa SADC ni wa bidhaa iliyotengenezwa humu ndani ya ukanda na Premio imetoka Japan, kukaa Kitwe hakujaifanya ya Kizambia.

Kama baada ya hesabu hiyo bado inalipa (inaweza kulipa, madalali wa mjini nao wanajua kupiga) basi mwambie shemeji aanze kule kwake. Atafute kadi ya gari, ile wenyewe wanaita white book, iwe na jina lake na siyo la bosi wake wala la rafiki aliyemuuzia akasahau kubadilisha, na apate karatasi ya polisi ya Interpol kwamba gari haikuibiwa. Hati ya mauziano muandikishane hata kama ni ndugu. Halafu wewe mwenyewe nenda ukaione. Fungua boneti, angalia ule ukuta wa bati nyuma ya injini, futa vumbi na tambara utaona namba ya chesisi imegongwa pale, kwa Premio ya 1.5 ya miaka hiyo inaanza na NZT240. Ilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Ukiona pale palipogongwa pana rangi mpya au mstari wa kuchomelea, kunywa soda ya shemeji urudi zako Mbeya.

Mpakani tumia wakala mwenye leseni, siyo kijana anayekimbilia dirisha la basi. Tangu 2019 pale Tunduma na Nakonde watu wa nchi zote mbili wanahudumu kwenye kituo kimoja kwa hiyo mzunguko umepungua. Uwe na TIN. Ushuru ukilipwa ndo usajili, kadi na plate za njano vinafuata. Kuhusu bima usisubiri mpaka ufike nyumbani, ongea na kampuni kabla hujaenda Tunduma, wape namba ya chesisi mkubaliane ianze lini, maana kutoka pale mpaka Mbeya ni kama kilomita 100 na malori unayajua. Bima ndogo, ile ya kumlipa utakayemgonga tu, kwa gari binafsi ni kama 118,000 na VAT. Ukishapewa stika ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu yako hapo hapo mbele ya aliyekuuzia, akikuambia mtandao unasumbua hela ibaki mfukoni.

Bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari yako mwenyewe, usiandike hela ya shemeji. Andika bei ya kuipata gari kama hiyo hapa Mbeya leo, ikiwa na ushuru wake. Kama sokoni ni milioni 12 na wewe umeandika 6 ili ulipe kidogo, siku umepata hasara ya milioni 2 wana haki ya kukulipa moja tu, kwa sababu uliikatia nusu.

SWALI: Mume wangu anafanya kazi Malawi, anakujaga kwa gari yake kupitia Kasumulu. Akirudi moja kwa moja tutalipa ushuru? Na akiiacha nyumbani naruhusiwa kuendesha? (Mama wawili, Kyela)

JIBU: Dada, kuendesha kwanza. Kibali cha muda kapewa yeye siyo wewe, kwa hiyo usiendeshe, na akipanda basi kurudi kazini akaiacha gari uani kwako, siku zikiisha tatizo linakuwa lenu wote, kwa hiyo arudi nayo. Ila akihama kabisa kurudi nyumbani, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa msamaha wa gari moja, mradi awe ameimiliki na kuitumia mwenyewe huko nje si chini ya miezi 12. Basi kubwa na lori halimo. Aanze kutunza karatasi sasa hivi, mkataba wa kazi, mihuri ya pasipoti, bima za kule za kila mwaka, na kadi ya gari iwe imesoma jina lake, ikisoma jina la kampuni aliyoajiriwa msamaha haupo.