PTR imewekwa mara 3, Gmail bado inarudisha barua

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Seva ya barua pepe ya ofisi yetu ya minofu ya sangara, Ilemela, Mwanza, inarudishiwa barua na Gmail kwa kosa 550-5.7.25. Fundi ameweka rekodi ya PTR (inayoonyesha namba ya IP ni ya jina gani) kwenye paneli ya domeini mara 3, na kila mara anasema tusubiri saa 48 isambae. Tufanyeje?

JIBU: Msisubiri tena. Rekodi hiyo iko mahali ambapo hakuna anayeisoma, basi itasambaa kutoka wapi? Tuseme IP yenu ni 203.0.113.25. Gmail haiiulizi domeini yenu. Inaigeuza namba na kuuliza 25.113.0.203.in-addr.arpa. Zoni hiyo, yaani kipande hicho cha daftari la majina ya intaneti (DNS), inashikwa na aliyegawiwa namba na AFRINIC, shirika linalogawa IP Afrika; kwa kawaida ni kampuni inayowaletea intaneti. Domeini ni yenu, lakini IP mmepanga, na daftari liko kwa mwenye nyumba.

Kwanza tazameni rauta upande wa WAN, yaani unaoelekea intaneti. Namba ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia IP na wateja wengine. Ombeni ya kudumu. Kisha iandikieni kampuni hiyo, mtaje IP na jina moja kamili la seva, yaani mail na domeini yenu. Kwenye paneli yenu wekeni rekodi A tu, jina hilohilo lirudi kwenye IP hiyohiyo, na kwenye Postfix (programu ya seva ya barua) myhostname iwe jina hilo. Seva ikitokea kwa IPv6 (aina mpya ya namba za IP), nayo inadai PTR yake; kama hamuihitaji, wekeni inet_protocols = ipv4, mzime Postfix na kuiwasha upya.

Mkiuliza PTR kwa amri iliyo mwishoni hapa, jibu likija na mkia wa 113.0.203.in-addr.arpa nyuma ya jina lenu, waliohariri zoni wamesahau nukta ya mwisho. Warudishieni.

Vishoka wa kazi hii wananikera kwa sababu wanauza kitu wasichoweza kukigusa. Wakibanwa, wengine wanafungua seva impokelee na kumtumia barua yeyote; watuma taka wanaivamia na IP inaingia orodha nyeusi, na kuitoa humo ni kazi kubwa kuliko PTR yenyewe. Fundi yeyote, kabla hamjamlipa, aandike amri hii ya kuuliza PTR mbele yenu kwa IP yenu halisi:

dig -x 203.0.113.25 @8.8.8.8 +short

Lisipotoka jina la seva yenu, hajamaliza kazi.