Anza na kilicho chini ya maji: kuchagua mashine ya kutafutia samaki na plota ya chati kwa mashua ndogo

Mashine yangu ya kwanza ya kutafutia samaki niliichagua kwa macho. Ilikuwa na skrini ya inchi 9, rangi zake ziling'aa, na muuzaji aliiwasha kwa picha za maonyesho zilizotiwa ndani yake kiwandani, ambamo makundi ya samaki yalipita moja baada ya jingine kana kwamba yameitwa. Nilipoifunga kwenye mashua yangu ya mita 6, ilionyesha kina vizuri tulipokuwa tumetulia, lakini injini ilipoongezwa mwendo skrini ilijaa vitone kama vumbi, namba ya kina ikaanza kurukaruka, kisha ikapotea kabisa. Kwa miezi kadhaa niliilaumu mashine. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, kwa sababu transdusa, yaani kile kipande kidogo kinachokaa majini na kupiga mlio, niliipokea kama ilivyokuja ndani ya boksi bila kuuliza swali hata moja, halafu nikaifunga mahali ambapo rafadha huyavuruga maji.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue mashine ipi, humwongoza kutoka chini kwenda juu: kwanza transdusa na mahali itakapokaa, kisha chati za maji anayovua, kisha umeme wa chombo chake, na skrini iwe ya mwisho. Wengi hufanya kinyume chake, nami nilifanya hivyo, kwa sababu skrini ndiyo inayoonekana dukani.

Mashine hizi hazioni samaki, bali husikia. Transdusa hupiga mlio mfupi ambao huteremka katika maji ya chumvi kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, hugonga kitu, hurudi, na mashine hupima muda uliopita. Penye kina cha mita 75, safari yote ya kwenda na kurudi huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kampuni ya Furuno ya Japani ilianza kuwauzia wavuvi mashine za namna hii mwaka 1948, na msingi wake ni uleule hadi leo. Kwa hiyo skrini nzuri iliyounganishwa na transdusa dhaifu ni sawa na karani mwenye mwandiko mzuri ambaye ni mgumu wa kusikia.

Jambo la kwanza la kuamua ni masafa ya mlio, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Masafa yaliyozoeleka ni kilohezi 200 na kilohezi 50. Ule mlio wa kilohezi 200 huchora picha yenye undani na hutawanyika kidogo, lakini huchoka mapema katika maji marefu; wa kilohezi 50 hufika mbali zaidi chini na hutawanyika sana, ila picha yake ni ya jumla jumla. Mlio hushuka kwa umbo la koni, na ni vyema kuifanya hesabu hii kabla ya kutoa fedha: penye kina cha mita 30, koni ya nyuzi 20 hufunika duara la kipenyo cha kama mita 10 na nusu chini baharini, ilhali koni ya nyuzi 45 hufunika kama mita 25. Koni pana hukuonyesha samaki wengi zaidi, lakini haikuambii kama wako chini ya mkuku wako au mita 12 pembeni. Tena huficha mambo, kwa maana mashine huchora sakafu ya bahari kuanzia sehemu iliyo karibu zaidi ndani ya koni, na samaki waliojibana kwenye mteremko wa mwamba humezwa na mstari wa sakafu. Kwa kuwa mimi huvua miambani kwa mshipi, katika kina kisichozidi mita 80, huchagua koni nyembamba bila kusita. Anayefuata makundi ya samaki wa maji marefu ana haki ya kuchagua vingine.

Mashine nyingi za sasa zina mfumo wa CHIRP, ambao badala ya kupiga mlio wa masafa mamoja hupandisha masafa kwa mfululizo ndani ya kila mlio. Faida yake ni kutenganisha: samaki wawili walio karibu huonekana wawili, na samaki aliyesimama juu kidogo ya sakafu huonekana ametengana nayo. Nisingenunua tena mashine isiyo nao. Hakikisha tu kwamba transdusa yenyewe imetengenezwa kwa mfumo huo, kwa sababu kuna boksi zinazotaja CHIRP kwa herufi kubwa huku transdusa iliyomo ikiwa na masafa finyu mno. Kuhusu picha za pembeni, zile zinazotumia masafa ya kilohezi 455 au 800 kuchora mawe na magogo kama picha ya kamera, ni za kupendeza katika maji mafupi ya ziwa au ghuba. Katika kina ninachovua mimi nimezitumia mara chache sana, na kwangu hazikustahili fedha nilizoziongeza.

Wati nazo zina mtego wake. Baadhi ya matangazo hutaja nguvu ya kilele kwa kilele, mengine hutaja nguvu ya wastani iitwayo RMS, na ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili mara 8; wati 4,000 za kilele kwa kilele si chochote zaidi ya wati 500 za RMS. Linganisha aina moja kwa aina moja. Wati 500 za RMS zimenitosha.

Sasa tuje mahali pa kuifunga, ambapo ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Adui wa transdusa ni viputo vya hewa, kwani mlio ukikutana na hewa hurudi pale pale. Ukiifunga tezini, ikae mbali na rafadha, upande ambao makoleo ya rafadha huteremka na si ule ambao hupanda, na isiwe nyuma ya ubavu wowote, msumari au tundu la kunyonya maji, kwa sababu kila kinachojitokeza chini ya chombo huacha mkia wa viputo nyuma yake. Mimi nilimpa mwenzangu usukani, nikainama tezini na kuyatazama maji mashua ikiwa katika mwendo wa kawaida, mpaka nikapata sehemu yaliyokuwa yakitoka laini kama kioo. Nilihamisha transdusa sentimita 40 tu. Ile mashine niliyokuwa nimeitukana miezi kadhaa ikaanza kusoma kina hata tulipokuwa tunakimbia.

Asiyependa kuifunga nje anaweza kuigandisha ndani ya chombo kwa gundi ya epoksi, mlio ukapita katika ubavu wenyewe, lakini njia hii hufaa kwenye faiba ngumu tupu. Haifai kwenye mbao, wala kwenye faiba yenye povu katikati, na hata inapofaa hupunguza nguvu kidogo na haiwezi kukupa joto la maji. Kabla ya kumwaga gundi, jaza maji mfuko laini wa plastiki, ulaze pale unapopakusudia, tumbukiza transdusa ndani yake na uende ukajaribu. Picha ikiwa mbaya umepoteza mfuko tu. Kwenye chombo cha mbao, transdusa ya kupenyeza tunduni ndiyo bora, na iwe ya shaba nyeusi, kwa sababu mbao hufura na huweza kuipasua ya plastiki. Kwenye chombo cha alumini ni kinyume, kwani shaba huila alumini taratibu ndani ya maji ya chumvi. Usiipake transdusa rangi yoyote ya kuzuia chaza na mwani isipokuwa ile iliyochanganywa kwa maji, maana zile zenye viyeyusho huharibu uso wa plastiki.

Plota ya chati, yaani mashine inayokuonyesha mahali ulipo juu ya ramani ya bahari, ni habari nyingine. Kwenye mashua ndogo ninapendelea chombo kimoja chenye kazi zote mbili, kwa kuwa nafasi ni finyu na faida kubwa ipo katika kuziunganisha: ukiona jiwe kwenye picha ya sona, yaani ile ya mashine ya kutafutia samaki, unaweka alama papo hapo kwenye chati. Hasara yake ni kwamba kikizimika, vyote vimezimika. Kwa sababu hiyo dira yangu haijawahi kutoka chomboni, na alama zangu zote ziko pia katika daftari, kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino huyeyuka.

Kabla ya kununua, omba uonyeshwe chati ya eneo lako hasa, wala usiridhike na chati ya bandari maarufu iliyo kwenye maonyesho. Chati za Navionics na za C-MAP zinaweza kutofautiana sana katika ghuba moja, na kadi iliyotengenezwa kwa mashine moja haisomwi na kila mashine. Kumbuka pia kwamba kukuza picha hakuongezi vipimo: yapo maji ambayo namba zake zilitokana na bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, iliyoshushwa kwa mkono zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kati ya namba mbili kunaweza kuwa na jiwe ambalo hakuna aliyeligusa. Kina cha kwenye chati huhesabiwa kutoka usawa wa maji yaliyokupwa sana, kwa hiyo mashine yako ikisoma mita 3 zaidi maji yakiwa yamejaa, hakuna iliyokosea. Kama chati za eneo lako ni duni, tafuta mashine inayoweza kurekodi kina unapotembea na kuchora mistari ya kina yenyewe. Kazi hii imenifaa kuliko chati yoyote niliyoinunua. Baada ya misimu miwili ninayo ramani ya miamba yangu ambayo haipo kwenye kadi ya mtu yeyote.

Kuhusu alama za GPS nina maonyo mawili. La kwanza ni la alama za zamani: hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani iliipotosha kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100, hivyo alama alizoziandika mzee wako miaka ya 1990 zichukue kama mahali pa kuanzia kutafuta. La pili lilinipata mwenyewe. Rafiki alinipa alama ya jiwe ambayo mwisho wake ulikuwa dakika 12 na sekunde 45, nami nikaingiza dakika 12.45. Sekunde 45 ni dakika 0.75, si 0.45, na kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni mita 1,852, nilikuwa nimekosea kwa zaidi ya mita 550. Nilitia nanga juu ya tope asubuhi nzima nikimshuku rafiki yangu kuwa mchoyo. Chagua mtindo mmoja wa kuandika nyuzi, uweke kwenye mashine, na kila anayekupa alama muulize ametumia upi.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Mashine ipate waya zake yenyewe moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri, na waya wa transdusa upite mbali na waya za injini na za redio. Usiukate ili kuufupisha. Ikiwa mashine hujizima kila unapowasha injini, volti zinashuka wakati wa kuwasha, na dawa ni betri ndogo ya pembeni.

Hatimaye skrini. Kwa anayegawa picha mbili, sona upande mmoja na chati upande wa pili, inchi 7 ndiyo kiasi cha chini ninachokivumilia. Hesabu pikseli za kwenda juu kabla ya inchi: kina cha mita 40 kikigawanywa kwa pikseli 480, kila pikseli ni kama sentimita 8 za maji, kikigawanywa kwa 800, ni sentimita 5. Itazame nje juani, ukiwa umevaa miwani yako ya jua, kwa sababu baadhi ya skrini hugeuka nyeusi kabisa mbele ya miwani ya kukata mng'ao. Pendelea yenye vitufe hata kama ina mguso, maana vidole vyenye maji na magamba havisikilizwi na kioo. Kiwango cha IPX7 humaanisha kifaa kimejaribiwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Pungufu ya hapo usichukue.

Ukishaifunga, zima michoro ya visamaki, kwani mashine hubuni samaki kutokana na takataka na viputo, ujifunze kusoma mwangwi wenyewe. Kinachotokea sasa kiko ukingoni kulia tu. Vingine vyote umeshavipita. Mwangwi mkubwa wa samaki hutoka kwenye kibofu chake cha hewa, kwa hiyo papa, asiye na kibofu hicho, anaweza kupita chini yako akiwa mkubwa na akaonekana mdogo.

Na siku ya kwanza majini, kabla ya kushusha mshipi, shusha bildi. Yangu ilionyesha mita 6.3 mashine ikisoma 6.0, nikapima kutoka usawa wa maji hadi kwenye uso wa transdusa, nikapata sentimita 30 kamili, na nikaziingiza kwenye menyu papo hapo.