Maswali na Majibu: Siri Inayojulikana na Kila Msomaji

SWALI: Mhariri, salaam. Binti zangu wanafuatilia manga (hadithi ya vibonzo ya Kijapani) ya Sumiko Arai inayoitwa kwa Kijapani Ki ni Natteru Hito ga Otoko ja Nakatta, yaani mtu niliyevutiwa naye hakuwa mwanamume. Mkubwa anasema Mitsuki ni mwongo, mdogo anamtetea, na nyumba haikaliki. Mimi nashangaa jambo jingine: mashabiki wanangoja nini, ikiwa jina lenyewe la hadithi limekwisha kuitoboa siri? (Mama wa Morogoro)

JIBU: Mama, salaam sana. Kwa faida ya ambao hawajaisoma, Aya ni mwanafunzi wa sekondari anayependa mitindo na muziki wa roki wa Magharibi. Anavutiwa na mhudumu wa duka la CD mwenye nguo nyeusi na barakoa, akidhani ni kijana wa kiume, kumbe ni Mitsuki, msichana mkimya mwenye miwani anayekaa naye jirani darasani.

Unachokishangaa ndicho kilichowanasa mashabiki. Arai alianza mwaka 2022 kuitoa hadithi hii vipande vifupi vifupi kwenye mtandao wa Twitter, na kila kipande kilimwacha msomaji akijua asichokijua Aya. Aya anapomsifia yule mhudumu, huku Mitsuki mwenyewe ameketi hatua moja tu kutoka kwake na uso umemwiva kwa haya, msomaji hana cha kubahatisha. Anachongoja ni kuona sura ya Aya siku atakapojua. Ndiyo maana wengi walikuwa wakimsihi mwandishi afunue siri upesi, na papo hapo wakiogopa kwamba ikifunuliwa utamu utakwisha. Haukwisha, kwa sababu Aya anaujua ukweli hadithi ingali inaendelea, na kuanzia hapo swali linakuwa kama moyo wake ulimpenda mtu au ulipenda mavazi. Kwangu mimi, sehemu hiyo ya pili ndiyo bora zaidi, ingawa wapo wanaolalamika kwamba mambo yanakwenda kwa mwendo wa kobe.

Kuhusu ugomvi wa nyumbani kwako, namuunga mkono mdogo, tena bila kusita. Manga za Kijapani zina desturi ndefu ya wasichana wanaojificha: mwaka 1953 Osamu Tezuka alianza hadithi ya binti mfalme Sapphire, anayejifanya mwanamume ili asipokonywe kiti cha enzi, na katika miaka ya 1990 Hisaya Nakajo akamchora msichana anayejipenyeza katika shule ya wavulana ili awe karibu na mwanariadha anayemhusudu. Hao wawili walikusudia kuficha. Mitsuki hakumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni mwanamume. Alivaa alivyopenda, Aya akajidanganya mwenyewe, naye akakosa ujasiri wa kumsahihisha. Binti yako mkubwa anaweza kusema kwamba kunyamaza nako ni kudanganya, na hapo ana hoja, ila hoja hiyo inapungua nguvu tukikumbuka kwamba mwenye haya hupotewa na maneno hata anapoulizwa jina lake.

Wala si jambo geni Japani kwa wasichana kuvutiwa na mwanamke aliyevaa kiume. Kundi la maigizo la Takarazuka, ambalo waigizaji wake wote ni wanawake, lilifanya onyesho lake la kwanza mwaka 1914, na kwa miaka mingi mashabiki, wengi wao wanawake, walikuwa wakisubiri nje ya ukumbi kwa mistari iliyonyooka ili wawape barua waigizaji wa nafasi za kiume. Hakuna aliyedanganywa pale. Tezuka mwenyewe alikulia katika mji wa Takarazuka, na maonyesho hayo yanaonekana waziwazi katika Sapphire wake.

SWALI: Mbona mashabiki wa manga hiyohiyo wakichora picha zao hutumia rangi ya kijani tu? (Msomaji wa Nakuru)

JIBU: Kwa sababu kurasa za Arai zenyewe ni nyeusi, nyeupe na kijani kikali, tofauti na manga nyingi ambazo huchapwa kwa wino mweusi peke yake. Mtu anayepitisha kidole haraka kwenye simu huitambua kabla hajasoma neno hata moja, na shabiki anayechora wahusika hao kwa kijani hahitaji kuandika majina yao chini ya picha.