Mapanga 6, Vibao 4: Tangi Likatwe Wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaiga kwa kompyuta mtiririko wa maji katika tangi la kukorogea lenye kipenyo cha sentimita 30. Ndani mna kikorogeo cha Rushton (diski yenye mapanga bapa yaliyosimama wima pembeni mwake) chenye kipenyo cha sentimita 10 na mapanga 6, kinachozunguka mara 300 kwa dakika, na ukutani kuna vibao 4 vya kuzuia maji yasizunguke yote pamoja. Kompyuta yangu ni ndogo, hivyo nimekata kipande cha nyuzi 60 upande wa kikorogeo na cha nyuzi 90 upande wa tangi, nikaweka mipaka ya kujirudia kila upande na wavu unaoteleza kati yao (wavu ni seli, yaani vijichumba ambamo kompyuta hukokotoa mtiririko; ule wa kikorogeo huzunguka ukiteleza kando ya ule wa tangi). Maji yanayotoka upande mmoja hayalingani na yanayoingia upande wa pili. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa uhandisi, Mbeya

JIBU: Ndugu Mwanafunzi, kosa limo katika pembe hizo mbili. Mpaka wa kujirudia ni ahadi kwamba yanayotokea katika kipande ulichobakiza yanatokea vilevile, wakati uleule, katika vipande vyote ulivyoviacha. Kikorogeo peke yake hutimiza ahadi hiyo kila nyuzi 60, na tangi peke yake kila nyuzi 90, lakini vikiwekwa pamoja, panga linapopita mbele ya kibao kimoja hakuna panga jingine lililo mbele ya kibao cha jirani. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 6 na 4, kama tulivyofundishwa shule ya msingi, utapata 2. Kwa hiyo kipande kidogo kabisa unachoruhusiwa ni nusu ya tangi, nyuzi 180, chenye mapanga 3 na vibao 2, na pande zote mbili za mshono wa nyavu, yaani pale wavu unaozunguka unapokutana na uliotulia, zienee nyuzi hizohizo 180. Zisipolingana, sehemu ya mshono hukosa mwenzake, na programu nyingine huigeuza kuwa ukuta.

Zoni inayozunguka iwe na jozi yake ya mipaka ya kujirudia, na zoni iliyotulia iwe na yake. Katika kila jozi, wavu wa uso mmoja uwe nakala ya wavu wa uso wa pili. Njia iliyo salama ni kuchora wavu wa uso wa kwanza, kuunakili kwa kuuzungusha nyuzi 180 kwenye mhimili, kisha ndipo kujaza seli za ndani. Hakikisha pia umechagua kujirudia kwa kuzunguka, si kwa kusogea mstari ulionyooka.

Ncha za mapanga ziko sentimita 5 kutoka kwenye mhimili, na kama vibao vyako vina upana wa kawaida wa sehemu ya kumi ya kipenyo cha tangi, kingo zake za ndani ziko sentimita 12. Weka mshono karibu na sentimita 8.5, na seli za pande zake mbili zikaribiane ukubwa. Mapanga huzunguka pamoja na zoni yake, hivyo kasi yake ikilinganishwa na zoni hiyo ni sifuri. Lakini sehemu ya shafti iliyobaki katika zoni iliyotulia lazima uiambie izunguke mara 300 kwa dakika, jambo linalosahaulika mno.

Anza na suluhisho la kikorogeo kilichogandishwa, yaani mapanga yakibaki mahali pamoja huku mzunguko wake ukiingizwa kwenye milinganyo tu, kisha uruhusu wavu uteleze. Mizunguko 300 kwa dakika ni nyuzi 1,800 kwa sekunde, hivyo hatua ya nyuzi 1 ni takriban sekunde 0.00056. Endelea mizunguko mingi, hadi kani ya kuzungusha ijirudie kwa namna ileile.

Kisha pima jibu lako. Namba ya Reynolds, inayolinganisha msukumo wa maji na mnato wake, hapa ni takriban 50,000, yaani mtiririko ni wa vurugu, na kikorogeo hiki huwa na namba ya nguvu (kipimo kisicho na vizio cha nguvu inayotumiwa na kikorogeo) inayokaribia 5. Hiyo ni takriban wati 6, au kani ya kuzungusha ya nyutoni-mita 0.2. Nusu ya tangi itakuonyesha 0.1 tu, usiache kuizidisha mara 2.

Lakini iwapo utafiti wako unahusu ule mzunguko wa polepole wa maji kuizunguka shafti, unaochukua makumi ya mizunguko ya kikorogeo, nusu ya tangi haitakufaa hata kidogo, kwa kuwa hulazimisha upande wa pili ufanye yaleyale ya upande wa kwanza. Hapo omba muda kwenye kompyuta kubwa ya chuo, uige nyuzi zote 360.