Kichaa cha mbwa: jeraha likikauka, ugonjwa bado uko njiani

Assalaam alaikum. Ndugu yangu, umesema mwanao ameumwa mguuni na mbwa jana, na umeuliza inakuwaje mtu akae wiki kadhaa akiwa mzima kisha ashtuke kwa kuona maji. Nitakujibu kwa niliyoyaona hapa Malindi kwa jirani yetu mvuvi, aliyeumwa kwenye shavu la mguu, akajipaka mafuta ya taa, na siku ya tatu akarudi baharini.

Virusi vya kichaa cha mbwa havitegemei damu kusafiri. Huongezeka kwanza katika nyama iliyoumwa, kisha huingia kwenye ncha za neva pale zinapokutana na msuli, vikapanda ndani ya neva hadi uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi 1 hadi 3, na aliyeumwa usoni njia yake ni fupi zaidi.

Dalili ya kwanza ya jirani yetu ilikuwa kuwashwa na kufa ganzi kovuni. Alijikuna usiku kucha, nasi tukadhani ni ngozi inayofunga, kumbe neva za hisia za sehemu ile zilikwisha kuvamiwa.

Hayo maji hakuyaogopa kama mtu aogopavyo nyoka. Alikuwa na kiu na aliyaomba mwenyewe. Lakini mkewe alipomsogezea kikombe, koo lilikaza, kifua kikaruka kama mwenye kwikwi kubwa, na maji yote yakamwagikia shuka. Baadaye hata upepo wa feni ulimfanya vivyo hivyo. Virusi vilikuwa vimefika kwenye shina la ubongo, panapoongozwa kumeza na kupumua. Kutoka ubongoni hushuka tena kwa neva hadi kwenye tezi za mate, ndiyo maana mate yalimjaa asiweze kuyameza.

Wapo waliosema ni jini, wala siwalaumu, kwani baina ya mshtuko na mshtuko alitutambua na kuuliza habari za dau lake. Seli za ubongo haziharibiwi sana. Kazi yake ndiyo inayovurugwa. Wagonjwa wengine hupooza tu bila fujo yoyote.

Dalili zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona. Kwa mwanao, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke leo hii akaanze chanjo, na uulize kama anahitaji pia sindano ya kingamwili jerahani. Usingoje kuona mbwa atakuwaje.